Machozi Kwanza, Leza Baadaye

Mtu aliyevaa miwani ya kutoona mbali tangu shule ya msingi hahitaji kuelezwa kwa nini upasuaji wa leza unavutia. Anaijua adha ya miwani kuingia ukungu anapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kukutana na joto la Dar es Salaam. Anaujua usumbufu wa kupapasa kando ya kitanda alfajiri akitafuta miwani ili aweze kuona saa. Anapopata habari kwamba ipo tiba inayochukua dakika chache kwa kila jicho, isiyohitaji kulazwa, na ambayo aghalabu humwezesha mtu kuona vizuri siku ya pili yake, maswali yake huwa matatu: gharama ni kiasi gani, je, inauma, na je, anaweza kupofuka. Swali la nne, linalohusu machozi, halimjii. Kwa bahati mbaya, mara nyingi kliniki nayo hailiulizi kwa uzito unaostahili.

Ukavu wa macho ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika zaidi baada ya upasuaji wa kurekebisha uoni kwa leza. Hata hivyo, umezoeleka kuhesabiwa kuwa usumbufu mdogo wa baada ya upasuaji, jambo la kumalizwa kwa chupa ya matone na maneno ya kumtuliza mgonjwa. Makala haya yanashikilia msimamo ulio kinyume na mazoea hayo. Ukavu wa macho ni suala la kabla ya upasuaji. Daktari ambaye hajaupima na kuutibu bado hajawa tayari kupasua, hata kama mgonjwa amekwisha kulala kitandani na fedha zimekwisha kulipwa.

Kinachokatwa na leza

Ili kuelewa msingi wa msimamo huo, ni lazima kwanza kuelewa kinachotokea jichoni. Konea ni dirisha lililo mbele ya jicho, tishu angavu isiyo na mishipa ya damu, inayopinda miale ya nuru ili ikutane kwenye retina. Kwa mtu asiyeona mbali, miale hiyo hukutana kabla ya kuifikia retina. Leza ya eksima, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, huondoa tabaka nyembamba mno za konea na hivyo kupunguza mpindo wake.

Mbinu za kuifikisha leza mahali pake zimebadilika kadiri miaka ilivyopita. Katika mbinu iitwayo PRK, utando wa juu wa konea huondolewa na leza hupitishwa moja kwa moja juu ya tishu iliyobaki. Mwaka 1989, katika kisiwa cha Crete, daktari Mgiriki Ioannis Pallikaris alifanya upasuaji wa LASIK kwa mara ya kwanza kwa binadamu. Katika mbinu hiyo daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, chenye unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, hukifunua kama ukurasa wa kitabu, hupitisha leza chini yake, kisha hukirudisha mahali pake. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mbinu ya tatu, SMILE, ambayo huchonga kipande chembamba ndani ya konea na kukitoa kupitia tundu la milimita chache, pasipo kukata kifuniko.

Kitu kimoja hakikwepeki katika mbinu zote tatu: neva. Konea ni miongoni mwa tishu zenye neva nyingi kuliko zote mwilini. Neva hizo, zinazotokana na tawi la neva ya tano ya fuvu, huingia kutoka pembezoni mwa konea na kusambaa kuelekea katikati. Ndizo zinazolifanya jicho lilie linapoingiwa na punje ya mchanga. Lakini kazi yake kubwa zaidi ni ya kimyakimya: huhisi pale uso wa jicho unapoanza kukauka na kupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huamuru tezi za machozi zitoe maji na kope zifumbe. Mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku bila mwenye jicho kujua.

LASIK hukata neva hizo karibu pande zote za kifuniko, isipokuwa pale kinapobaki kimeshikamana. PRK haikati kifuniko, lakini huondoa ncha za neva zilizo chini ya utando wa juu. SMILE hukata chache zaidi, na ndiyo maana wagonjwa wake kwa jumla hupata ukavu mdogo katika miezi ya mwanzo. Mdogo, si sifuri. Kadiri mgonjwa anavyokuwa na namba kubwa ya miwani, ndivyo tishu nyingi zaidi zinavyoondolewa na ndivyo neva nyingi zaidi zinavyoathirika. Hisia za konea hurudi taratibu, aghalabu kati ya miezi sita na mwaka mmoja. Lakini wanaoziangalia neva hizo kwa darubini maalumu wameona kwamba, baada ya LASIK, msongamano wake unaweza kuendelea kuwa pungufu kwa miaka kadhaa.

Katika kipindi hicho jicho huwa kama nyumba ambayo mlinzi wake amelala. Uso wake unakauka, lakini kengele hailii kama inavyopaswa. Kope hufumba mara chache zaidi, na tezi za machozi hazipati amri kwa wakati. Zaidi ya hayo, pete ya kufyonza inayobana jicho wakati wa kukata kifuniko huweza kuharibu seli zinazotoa ute wa machozi, na umbo jipya la konea hubadili namna kope zinavyosambaza machozi. Matone ya dawa anayopewa mgonjwa baada ya upasuaji nayo, yakiwa na vihifadhi kama vile benzalkonia kloridi, huongeza mwasho juu ya uso uliokwisha kujeruhiwa.

Takwimu zinavyosema

Kuna ushahidi mzuri unaosaidia kupima ukubwa wa tatizo hili bila kulikuza wala kulipuuza. FDA, kwa kushirikiana na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, iliendesha tafiti mbili zilizojulikana kwa jina la PROWL, ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Tofauti na tafiti nyingi za awali, ambazo ziliangalia zaidi iwapo mgonjwa anasoma mstari wa mwisho wa ubao wa herufi, hizi ziliwauliza wagonjwa wenyewe, kabla na baada ya upasuaji, wanahisi nini.

Majibu yao yana pande mbili. Zaidi ya asilimia 95 ya washiriki waliridhika na uoni wao baada ya LASIK. Baadhi ya waliokuwa na dalili za ukavu kabla ya upasuaji walipata nafuu, pengine kwa kuwa waliachana na lenzi za kuvaa juu ya jicho. Lakini miongoni mwa wale ambao hawakuwa na dalili zozote za ukavu kabla, takriban asilimia 28 walikuwa nazo miezi mitatu baadaye.

Wanaotetea upasuaji hupenda kuitaja namba ya kwanza, na wanaoupinga huishika ya mwisho. Ukweli ni kwamba namba hizo hazipingani. Mtu anaweza kufurahia kuona bila miwani na wakati huohuo kutembea na chupa ya matone mfukoni. Kwa wengi ukavu huo ni hafifu na hupungua. Lakini kwa kundi dogo hubaki kuwa maradhi ya kila siku, na kundi hilo ndilo linalopaswa kumnyima daktari usingizi, kwa sababu waliomo walikuja wakiwa na macho yasiyo na ugonjwa. Miwani yao ilikuwa ikifanya kazi. Upasuaji wa mtoto wa jicho humwokoa mtu dhidi ya upofu, na upasuaji wa leza humpunguzia mtu usumbufu. Kadiri haja ya tiba inavyokuwa ndogo, ndivyo wajibu wa kutomdhuru mgonjwa unavyokuwa mkubwa.

Mgonjwa anayekuja akiwa tayari mkavu

Upo mtego usiozungumzwa vya kutosha. Watu wanaoomba upasuaji wa leza si sampuli ya kawaida ya jamii. Wengi wao walianza kwa miwani, wakahamia kwenye lenzi za kuvaa juu ya jicho, kisha wakashindwa kuzivumilia. Wanasema lenzi zinawakwaruza, kwamba kufikia saa kumi jioni macho yamewaiva, kwamba hawawezi tena kuzivaa hadi usiku. Wao huyaeleza haya kama sababu ya kutaka upasuaji. Kwa sikio la daktari makini, hiyo ni historia ya ugonjwa: jicho linaloshindwa kuvumilia lenzi mara nyingi ni jicho lenye machozi pungufu au machozi mabovu.

Chukulia mfano wa mhasibu mwenye umri wa miaka 32. Hukaa mbele ya kompyuta saa nane kwa siku chini ya kiyoyozi, na jioni huendelea na simu. Mtu anapoongea au kupumzika hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika; anapokazia macho kioo cha kompyuta idadi hiyo hushuka kwa nusu au zaidi, na mara nyingi kope hazikutani kikamilifu. Anameza dawa za mzio kila vumbi linapozidi, na dawa hizo hupunguza machozi. Pengine alipokuwa kijana alitumia isotretinoini kwa ajili ya chunusi, dawa inayoweza kudhoofisha tezi za mafuta za kope. Hajawahi kusema kwamba macho yake ni makavu; husema tu kwamba yanachoka. Wakati mwingine hulalamika kwamba yanatoa machozi mengi anapopanda bodaboda, naye hajui kwamba jicho kavu linalopigwa na upepo linaweza kububujika machozi kwa kujihami.

Mgonjwa huyo akipasuliwa bila kuchunguzwa, mambo mawili hutokea. La kwanza ni kwamba upungufu aliokuwa nao huongezewa upungufu mpya wa neva zilizokatwa. La pili hufikiriwa mara chache, ingawa hugusa lengo lenyewe la upasuaji. Vipimo vinavyoielekeza leza huchukuliwa juu ya utando wa machozi, kwa kuwa nuru hugonga machozi kabla ya kuigonga konea. Utando huo ukiwa umechanikachanika, mashine husoma mipindo isiyokuwepo. Fundi cherehani mzuri hapimi kitambaa kilichokunjamana, kwani mkasi wake utakata sawasawa na kipimo, na nguo bado haitamkaa mteja. Leza nayo hutii namba ilizopewa. Isitoshe, tishu ya konea ikishaondolewa hairudi.

Uchunguzi usiohitaji mashine za bei kubwa

Kisingizio cha kwamba uchunguzi wa ukavu ni anasa ya hospitali tajiri hakina nguvu. Zipo mashine za kisasa zinazopima chumvi za machozi au kupiga picha tezi za kope, na zinafaa pale zilipo. Lakini uti wa mgongo wa uchunguzi unaweza kusimama katika kliniki yoyote ya macho yenye darubini ya kawaida ya kukagulia macho.

Hatua ya kwanza ni maswali. Dodoso linaloitwa OSDI lina maswali 12 tu na hutoa alama kati ya 0 na 100. Alama 13 au zaidi huashiria tatizo. Hatua ya pili ni tone la rangi ya fluoresini. Daktari humwomba mgonjwa asipepese macho, kisha huhesabu sekunde hadi doa jeusi la kwanza lionekane kwenye utando wa machozi. Likionekana kabla ya sekunde 10, utando hauna uimara wa kutosha. Rangi hiyohiyo huonyesha sehemu za konea zilizochubuka. Hatua ya tatu ni kipande cha karatasi kilichobuniwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903: huwekwa kwenye ukingo wa kope ya chini kwa dakika tano, na kama kitalowa milimita tano au pungufu, machozi hayatoshi. Hatua ya mwisho ni kidole cha daktari mwenyewe, kubonyeza ukingo wa kope na kutazama kinachotoka kwenye tezi za mafuta. Mafuta mazuri ni maji angavu; mafuta ya jicho gonjwa hutoka mazito kama dawa ya meno, au hayatoki kabisa.

Kipimo kimoja pekee hakitoshi, kwa sababu dalili na ishara za ugonjwa huu hazielewani sikuzote. Yuko mgonjwa anayelalamika sana ilhali konea yake haina doa, na yuko mwingine asiyelalamika ilhali konea yake imejaa michubuko kwa kuwa hisia zake zimefifia kutokana na miaka ya kuvaa lenzi. Huyu wa pili ndiye anayepita mlangoni kirahisi na kurudi akiwa na matatizo makubwa.

Kuahirisha ni kutibu

Jicho likibainika kuwa kavu, upasuaji haufutwi, unaahirishwa. Tofauti hiyo ni muhimu, na mgonjwa anapaswa kuielewa. Kwanza lenzi zinawekwa kando: zilizo laini kwa angalau wiki mbili kabla ya vipimo, na zilizo ngumu kwa muda mrefu zaidi. Kisha huanza kazi ya kila siku ambayo haina mvuto wa teknolojia. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu huwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika tano hadi kumi, na hupashwa tena kila kinapopoa, ili kuyeyusha mafuta yaliyoganda. Kope husafishwa taratibu kwenye mashina ya nywele zake. Machozi ya bandia yasiyo na vihifadhi hutumiwa mara nne kwa siku au zaidi. Kioo cha kompyuta hushushwa chini kidogo ya usawa wa macho, na feni au kiyoyozi hugeuzwa kisipulize usoni.

Ikihitajika, daktari huongeza dawa za kupunguza uvimbe, zikiwemo matone ya siklosporini, ambayo huchukua wiki nyingi kuonyesha nguvu zake na ndiyo maana huanzishwa mapema. Vizibo vidogo huweza kuwekwa kwenye matundu yanayoondoa machozi jichoni. Kuhusu vidonge vya mafuta ya samaki, unyofu unahitajika: utafiti mkubwa wa DREAM, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha gramu tatu za omega-3 kwa siku na mafuta ya zeituni, na haukuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Mgonjwa mwenye fedha kidogo hana sababu ya kuzimalizia hapo.

Baada ya wiki sita hivi vipimo hurudiwa. Wengi huwa wamefikia hali ya kupasuliwa kwa usalama, na mara nyingi namba zao huwa zimebadilika, jambo linaloonyesha kwamba leza ingekosea endapo ingetumika mwanzoni. Wachache huwa hawajafika, na wengine hawatafika. Mwenye ugonjwa wa Sjögren au baridi yabisi isiyodhibitiwa anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba leza haimfai. Jibu hilo ni gumu kulitoa na ni gumu kulipokea, lakini ni jibu la kitabibu kama yalivyo mengine.

Safari ya kwenda na jicho linalobaki nyumbani

Katika Afrika Mashariki suala hili lina sura yake ya pekee. Upasuaji wa leza hupatikana zaidi katika vituo vichache vya miji mikubwa kama vile Nairobi, na wapo wanaosafiri hadi India. Msafiri hupimwa Jumatatu, hupasuliwa Jumatano na hupanda ndege wiki inayofuata. Ratiba hiyo inaifaa tiketi ya ndege, lakini haina nafasi hata ya wiki moja ya kutibu machozi kabla, wala haina mtu wa kumwona mgonjwa katika mwezi wa tatu, wakati ambapo ukavu bado una nguvu.

Mgonjwa aliyerudi Mwanza, Mtwara au Kigoma akianza kuhisi mchanga machoni, daktari aliyempasua yuko mbali. Duka la dawa liko karibu. Humo anaweza kuuziwa matone yenye steroidi, ambayo humpa nafuu ya haraka na hivyo kumfanya arudi kuyanunua tena. Hapa pana hatari ambayo hata baadhi ya wahudumu wa afya hawaifahamu. Steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu neva ya kuonea. Na kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa leza, konea imekuwa nyembamba, hivyo kipimo cha kawaida cha presha ya jicho huonyesha namba ndogo kuliko hali halisi. Mgonjwa anaweza kupimwa, akaambiwa presha yake ni nzuri, ilhali anapoteza uoni wa pembeni hatua kwa hatua. Aliyekwenda kutafuta uoni bora asije akaupoteza kwa sababu ya chupa aliyoinunua dukani bila cheti.

Wako pia wachache ambao maumivu yao hayalingani na kinachoonekana kwa darubini. Neva zilizokatwa zinapoota upya huweza kuota vibaya na kutuma ujumbe wa maumivu pasipo jeraha. Mgonjwa wa aina hii huzunguka kliniki hadi kliniki akiambiwa kwamba macho yake ni mazima. Maumivu ya neva ni ugonjwa unaotambulika na una tiba zake; kumwambia mgonjwa kwamba anajitungia ni kumwongezea jeraha la pili.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo madaktari watakaosema kwamba kuahirisha humkatisha mgonjwa tamaa, naye atakwenda kwa mshindani wa jirani atakayempasua kesho. Hoja hiyo ni ya kweli kibiashara. Lakini ni hoja inayofaa kuwashawishi vyama vya kitaaluma na mamlaka za usimamizi ziweke kiwango kimoja kwa wote, ili uangalifu usigeuke hasara kwa aliye mwangalifu. Haihalalishi kupasua jicho kavu.

Wengine watasema kwamba ukavu mwingi hupona wenyewe. Nao wana ukweli wao, na ndiyo sababu makala haya hayapingi upasuaji wa leza. Hata hivyo, neno “mwingi” halimsaidii yule ambaye wake haukupona. Njia iliyopo ya kupunguza uwezekano wa kuwa miongoni mwa hao ni kuwatambua walio hatarini mapema, na hilo halifanyiki baada ya kifuniko kukatwa.

Pingamizi la tatu ni la gharama: ziara mbili zaidi za kliniki, chupa kadhaa za matone, nauli. Ni mzigo wa kweli kwa mtu anayeishi mbali. Lakini ukilinganishwa na gharama za upasuaji wenyewe, na za matone ya miaka mingi kwa jicho lililoharibika, mzigo huo ni mdogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa konea hakuna fundi anayeujenga upya kikamilifu.

Yanayopaswa kubadilika

Mambo manne yanawezekana hata sasa, bila kusubiri mashine mpya. Kwanza, hakuna mgonjwa anayepaswa kupimwa na kupasuliwa katika ziara moja. Kati ya vipimo vya kwanza na leza kuwe na muda wa kuchunguza na, ikibidi, kutibu machozi. Pili, ridhaa ipatikane kwa lugha ya mgonjwa. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na kusainiwa asubuhi ya upasuaji haitimizi wajibu huo. Mgonjwa aambiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, siku kadhaa kabla, kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wasio na dalili anaweza kupata ukavu katika miezi ya mwanzo, kwamba wengi hupata nafuu, na kwamba wachache hawapati. Tatu, kila anayepasuliwa mbali na kwao arudi na barua inayotaja mbinu iliyotumika, vipimo vya konea kabla na baada, na dawa alizopewa, ili daktari wa mkoani asianze gizani. Nne, matone yenye steroidi yatolewe kwa cheti cha daktari pekee, na wauzaji wa dawa waelimishwe sababu yake.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anayefikiria upasuaji huu na aingie kliniki na maswali mapya pamoja na yale ya zamani: machozi yake yamepimwa kwa njia zipi, matokeo yalikuwa nini, ataonwa na nani katika mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na afanye nini macho yakianza kumkwaruza akiwa nyumbani. Aeleze dawa zote anazotumia na asifiche kwamba lenzi zilimshinda. Kliniki inayoyajibu maswali hayo kwa utulivu inastahili imani yake. Inayoyakwepa, au inayomhimiza alipe kabla ya mwisho wa wiki ili apate punguzo la bei, imekwisha kumjibu.

Na yule atakayerudishwa nyumbani na kitambaa cha uvuguvugu, matone yasiyo na vihifadhi na tarehe ya kurudi baada ya wiki sita, asidhani kwamba amekataliwa. Matibabu yake yamekwisha kuanza. Miwani aliyoivaa kwa miaka ishirini itamvumilia kwa wiki sita nyingine.